Umeshagawiwa, cheza: nilivyojifunza kukataa kurudia karata za tarot

Naandika nikiwa hapa Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli kabisa, na najua kuna watu watauliza Kigoma na tarot wapi na wapi, lakini ndo hivyo, shoga yangu alisoma Dar akarudi na boksi la karata 78 za tarot, zile za picha za kuagulia, akacheza nazo miezi miwili zikamchosha, nikabaki nazo mimi. Mchana nauza mawese na vitenge, jioni nikishahesabu hela yangu watu wawili watatu wanakuja kibarazani kuangaliziwa, buku mbili kwa mtu. Hamna ubani, hamna kuku mweusi, ni picha na maongezi tu. Bibi yangu hapendi, anasema ramli ni ramli hata ukiivalisha suti, na mi sibishani nae, nampa chai yake naendelea.

Sasa shida yangu haikuwa kusoma karata, shida ilikuwa mtu anayetaka urudie.

Kuna jirani yangu, dada mmoja mtu mzima na akili zake, mumewe alivuka ziwa kwenda Kalemie, huko Kongo, kufuata vitenge, akasema wiki moja. Siku ya kumi na tisa simu haipatikani. Akaja kwangu na kanga yake kaifunga kiunoni kama mtu anaenda kugombana, akaweka buku mbili kwenye mkeka, akasema niangalizie kama atarudi. Nikachanga, yeye akakata, nikatandika tatu, ile ya kawaida, yaliyopita, yaliyopo, yajayo.

Ya kwanza ikaja Mnara. Kwa wasioijua, ni ile namba 16, mnara umepigwa radi, taji la juu linaruka na watu wawili wanadondoka kichwa chini. Ya pili Panga Sita, mwanaume anasukuma mtumbwi kwa upondo, mbele yake mwanamke kajitanda nguo na mtoto ubavuni, na mapanga sita yamesimikwa humo humo mtumbwini. Ya tatu Sarafu Saba, kijana kaegemea mpini wa jembe anaangalia kichaka kilichozaa sarafu, yani kashalima kabaki kungoja. Nikamwambia mi naona palitokea mshtuko, sasa hivi watu wako kwenye kuvuka, na mbele ni kusubiri, subira tu. Nadhani nilisema vizuri lakini yeye aliishia kwenye ule Mnara na mtumbwi. Mtu ambaye mumewe yuko upande wa pili wa Tanganyika ukimwonyesha watu wanadondoka halafu ukamwonyesha mtumbwi, umeshamuua mumewe, basi.

Akasema rudia.

Hapa ndo kosa langu na silifichi. Nilirudia. Nilimwonea huruma, na pia alikuwa keshatoa buku mbili nyingine, na mi kitu kidogo sikatai. Nikakusanya, nikachanga haraka haraka, akakata, ya kwanza Mnara tena. Tukaangaliana. Mkono wake ukaanza kutetemeka na wangu pia kwakweli, akasema kwa sauti ndogo mara ya mwisho dada yangu, nikachanga, akakata, Mnara. Mara ya tatu mfululizo na palepale pa kwanza. Huyu dada alilia mpaka mtoto wake akatoka ndani kuja kuuliza mama kafiwa na nani.

Mi usiku huo sikulala vizuri, na yeye hakulala kabisa maana aliingia kwenye simu akapakua aplikesheni ya tarot, ya bure, unabonyeza karata zinajigeuza, hazichoki wala hazikuambii dada nenda ukalale. Mpaka saa nane usiku anabonyeza. Asubuhi nafungua wasap nakuta picha za skrini kumi na moja, maelezo yote kwa Kiingereza ambacho hasomi, anataka mimi nimtafsirie, na chini kaandika hii ya saba ina Jua, si tuchukue hii? Yani tuchukue kama tunachagua nyanya! Nikacheka halafu nikaona sio la kucheka, maana hii ya saba ina Jua na ya nane ina maiti kachomwa mapanga kumi mgongoni na hiyo hajaisemea kitu.

Jioni karudi. Na safari hii swali limebadilika. Hakuuliza tena kama atarudi, kauliza nani kamfunga mume wangu, niangalizie ni mwanamke au ni wa ukoo wao. Hapo damu ilinisimama. Sisi wa Kigoma mambo ya kamchape tunayajua, tunajua watu kuingia kijijini wakisema wanatoa uchawi, na jinsi nyumba ya bibi wa watu inavyogeuka kuwa nyumba ya mchawi kwa mchana mmoja. Serikali inaita ramli chonganishi na polisi wanakamata, na hapa bila unafiki wako sahihi. Nimekaa nikafikiria imekuwaje tumefika huku kutoka kwenye swali la simu isiyopatikana, nikaona ni kule kurudia. Ya kwanza haikumridhisha, ya pili ikamtisha, ya tatu ikamthibitishia, ya simu ikamchanganya, sasa moyo unatafuta mtu wa kumbebesha. Nikamwambia hilo siangalii, hata ukinipa laki. Akaondoka kanuna, na buku zake nne za zile za kurudia nilimrudishia ingawa hakutaka kuzipokea, nikampa mtoto.

Jumapili nikaenda Ujiji kwa baba mdogo. Pale kwao chini ya mwembe kuna benchi la wazee wa albastini, ule mchezo wa karata, miaka nenda miaka rudi, kelele zao unazisikia kabla hujafika. Nimekaa nakunywa kahawa, mzee mmoja kapata mkono mbaya, nadhani hakuwa na hata turufu moja, akasema karata gani hizi bwana, gawa upya. Benchi zima likamgeukia. Baba mdogo akamwambia, umeshagawiwa, cheza. Yule mzee akasonya, akacheza, akafungwa, wakagawa nyingine. Mchezo haukusimama hata dakika.

Nikamuuliza baba mdogo, hivi hamrudiagi kabisa kugawa? Akasema tunarudia, mbona tunarudia, karata ikifunuka wakati wa kugawa tunarudia, mtu akipata pungufu tunarudia, karata zikiwa na alama tunatupa boksi zima. Lakini kwa sababu mtu kachukia mkono wake? Hapo utagawa mpaka Isha.

Nikamwambia na hizi zangu za tarot zilianza kama mchezo huko Italia, karne ya 15, zile kubwa 22, kasoro ile moja inayoitwa Mjinga, zilikuwa ndo turufu zenyewe, mambo ya kuagulia watu wakaja kuyashika Wafaransa kwenye miaka ya 1700 hivi, na hizi picha ninazotumia zilitoka London 1909, kachora mwanamke, Pamela Colman Smith. Akaniomba nimwonyeshe kwenye simu. Akaangalia vikombe, mapanga, sarafu, fimbo, akacheka sana, akasema hizi si kopa, shupaza, uru na pau? Na kweli, maana hayo majina yetu ni ya Mreno, copas ni vikombe, espadas mapanga, ouros dhahabu, paus fimbo. Kumbe wazee wa Ujiji wanapiga kelele za tarot chini ya mwembe maisha yao yote na hawajui. Hii imenipa raha mpaka leo.

Basi nikarudi Mwanga na sheria ya benchi. Mtu akikaa kwenye mkeka wangu namwambia kabla sijachanga, hapa tunaangalia mara moja, kwa hiyo tulia utafute swali lako. Nilikuja kuona hapo ndo kazi kubwa ilipo, wengi wanaotaka kurudia ni kwa sababu swali la kwanza walilirusha tu, mtu anauliza mambo yangu vipi, sasa mambo yako yapi. Nampa daftari aandike swali kwa mkono wake, tukimaliza anapiga picha karata zilivyokaa, kwa sababu usiku kichwa kinabadilisha, mtu anakupigia ile karata ilikuwa imesimama au ilikuwa juu chini, angalia picha yako mama, mi nasonga ugali.

Kama hajaelewa, siokoti zote kuchanga upya, naongeza moja tu juu ya ile iliyomkwaza, moja, na hiyo inafafanua ile ya chini yake, haiifuti. Wengine wanaongeza mpaka sita saba na hapo umeshatandika upya kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu ukae mda gani ndo urudi, nimesoma wasomaji wengi wanasema mwezi, wengine miezi mitatu, mi sikuona raha kuhesabu siku. Nasema rudi kukiwa na jambo jipya. Simu imeita, barua imekuja, umehama, umeachana nae. Kama kilichobadilika ni hofu yako tu imeongezeka basi karata zako ni zile zile, nenda kazitazame kwenye picha. Na kama umeshaangaliziwa kwingine niambie mwanzoni, sikasiriki, ila usinifiche halafu nikimaliza useme mbona yule kasema tofauti. Lazima iwe tofauti! Binamu yangu anafundisha hesabu sekondari, amenipigia hesabu kwamba ukitandika tatu, ukachanga vizuri ukatandika tatu zingine, kupata hata karata moja kati ya zile za mwanzo ni kama mara moja katika tisa. Kwa hiyo mara nane kati ya tisa zote tatu zinakuja ngeni. Watu wanaona karata zimegeuza maneno, kumbe ndo kuchanga kwenyewe huko.

Na ni huyu huyu binamu aliyeniumbua.

Nilikuwa namsimulia ule usiku wa Mnara, kwa kujidai kidogo niseme ukweli, maana hata kama nilimkatalia yule dada, moyoni nilikuwa naamini mumewe kafa na karata zangu zilijua. Binamu akachukua kalamu akaandika nyuma ya risiti, 78 mara 78 mara 78, ikaja 474,552. Akasema karata uliyoitaja kutokea ya kwanza mara tatu mfululizo ni moja katika hiyo, kwa hiyo dada kabla hujaita malaika niletee hizo karata nizione. Nikampa. Akachanga, akakata, Mnara. Akakata tena, zikaja zingine. Akakata tena, Mnara. Akazipanga kwenye meza akainama akaziangalia kwa ubavu kama fundi anaangalia ubao, akasema njoo.

Kulikuwa na mwanya. Mwembamba, kama wa ukucha, kati ya karata zilizokaa zimelala. Karata ya chini ya mwanya ilikuwa imejikunja kama ganda. Nikakumbuka palepale. Mwezi ule niliishika na mkono wa mawese, ikapata doa la njano kwenye kona, nikaifuta na kitambaa kibichi, nikaianika juani kwenye ukuta. Mnara. Kila mtu akikata vidole vinaenda vyenyewe kwenye ule mwanya, nusu ya juu inaenda chini, na Mnara unabaki juu kabisa unasubiri kutandikwa. Na kuchanga kwangu kwa haraka kulikuwa hakusaidii kitu.

Yani nilimliza mama wa watu kwa mawese.

Sasa kwa sheria ya benchi hiyo ni karata yenye alama. Mgawo wote ule, hata wa kwanza, ulikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa ya mgawaji. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kukatalia dunia nzima nilikuwa nadaiwa. Nikaweka Mnara chini ya Msahafu... hapana natania, bibi angenifukuza, niliuweka chini ya ndoo ya mawese ya lita ishirini siku tatu ukanyooka kiasi, siku hizi pia nachanga kwa kuzimwaga zote mkekani na kuzikoroga kama mchele, inachukua mda ila hamna mwanya.

Siku ya nne nikavuka kwenda kwa jirani. Nimejipanga kabisa, namwomba radhi, namweleza kuhusu lile doa, nataka kumwangalizia upya bila hela, na ile ya kwanza aitoe kichwani. Nimefika mlangoni nabisha hodi nasikia kikohozi cha mwanaume. Mume kakaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni la maji, pembeni kuna bunda la vitenge limefungwa kamba, anatafuna mgebuka. Simu ilizama ziwani wakati wanapakia, ndo maelezo yake, na mtu aliyekuwa anamdai pesa ya mzigo alimchelewesha.

Jirani akanivuta nyuma ya nyumba. Sikuwahi hata kufungua mdomo kuhusu mawese. Akasema umesema ukinikosea unarudia bure, si ndio, nimesikia kwa watu. Nikasema ndio, nilikuja kwa hilo. Akasema basi usiangalie tena kama atarudi, niangalizie kama ni kweli simu ilizama.

Nikamwambia hilo swali ni jipya na una haki ya kuuliza, ila mwenye jibu kakaa hapo uwani ananawa miguu, kaanze na yeye.

Akanisonya. Lakini alienda, maana nikiwa natoka getini nilisikia, "Baba nanii, hivi line umeshairenew?" na kimya kirefu sana baada ya hapo.