Fatma yupi?

Jumanne iliyopita bibi mmoja wa Kuze, mtaa wa hapa Mombasa, alirudi kliniki yetu ya masikio, mashine zake za masikio amezifunga kwenye pindo la leso. Nikamwamkia, hakusikia. Nikasogea upande wa kulia, ndilo sikio lake lenye afadhali, nikarudia shikamoo. Akaitikia marahaba, akafungua fundo, akaviweka vile vidude mezani kama mtu anayemrudishia mchuuzi samaki aliyeoza.

"Mwanangu, masahani yanilia kama kengele. Nikiosha vyombo natamani kukimbia. Na huyu mjukuu wangu akisema nami, simsikii."

Mjukuu alikuwa kando, anatazama simu.

Mimi si daktari, ingawa wazee huniita hivyo kila siku na nimechoka kuwasahihisha. Kazi yangu ni meza ya mbele: kuandikisha watu na kumtayarishia mtaalamu wetu mafaili kwenye kompyuta. Tunatumia Noah. Ni programu ya HIMSA, shirika la Denmark lililoanzishwa 1993, na wenye shirika ni watengenezaji wa vifaa vya kusikia wenyewe. Ndani ya Noah kila mteja ana faili moja, na vipimo vyake vinakaa humo. Kila kampuni ya mashine ina programu yake ya kurekebishia, nayo hupachikwa ndani ya Noah na kusoma vipimo vilevile. Kwa hivyo mteja akibadilisha aina ya mashine, hakuna haja ya kunakili tarakimu upya. Ukitaka kujua raha ya jambo hilo, muulize aliyewahi kunakili audiogramu, ile chati ya vipimo vya kusikia, kwa mkono, masikio mawili, kuanzia sauti nene ya hezi 250 hadi nyembamba ya 8000.

Lakini uzuri huo una bei yake. Faili likiwa si lako, makosa nayo huenda mbali vilevile.

Nikafungua faili lililotumika kumrekebishia bibi. Pale kwenye hezi 4000, viduara vyekundu vya sikio la kulia vilikuwa chini kabisa, desibeli 85; desibeli zikiwa nyingi, ndivyo sikio lilivyo zito. Nikatazama karatasi ya siku aliyopimwa, ambayo kwa bahati sikuitupa: 60. Moyo ukanipiga pa! Siku ile ya kufungiwa mashine niliandika Fatma na jina la baba, yakatokea majina manne. Wawili kati yao walizaliwa mwaka mmoja, wote tarehe 1 Januari. Nikabonyeza wa juu. Mtaalamu wetu alikuwa anahangaika na mtoto anayelia, akatupia jicho jina, jina ni sawa, akaendelea. Mashine zenyewe zilikuwa mpya, hazina kumbukumbu yoyote ya kupinga. Basi bibi wa Kuze akatoka na nguvu za sauti alizopigiwa hesabu Fatma mwingine, wa mtaa wa Mkanyageni, na sauti nyembamba zote, masahani, vijiko, funguo, zikamvamia.

Ile Januari mosi nayo si ajabu. Wazee wetu wengi walizaliwa "mwaka wa mvua kubwa" au "kabla ya fulani kuoa", na aliyewajazia fomu ya kitambulisho alichukua tarehe iliyo karibu. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwingineko ingetosha kutenganisha watu, hapa Mombasa inawakusanya. Majina ndiyo usiseme. Jina la kwanza la bibi, la pili la baba, na hao akina baba wenyewe wanaitwa Ali, Salim au Mohamed. Mohamed mwenyewe leo ataandikwa Muhammad, kesho Mohammed, na kompyuta inawahesabu watu watatu.

Namba ya simu? Ni ya mjukuu. Mjukuu akibadilisha laini, bibi amepotea.

Sasa kila mteja ana namba yetu wenyewe, tumeiandika kwa kalamu kwenye boksi la mashine, na hakuna faili linalofunguliwa kwa jina peke yake. Kwenye sehemu ya maelezo naandika jina la babu, mtaa, na yule mtoto anayeitiwa: Mama Swaleh, Mama Rukia. Mwenye namba ya simu namwandika pia, na uhusiano wake. Mtaalamu naye, kabla hajaunganisha mashine, anamuuliza mteja mwenyewe mtaa wake na kusikiliza jibu. Foleni imekuwa ndefu kidogo. Iwe tu.

Bibi alirekebishiwa palepale. Tukagonganisha vijiko viwili vya jikoni kwetu, hakushtuka. Mjukuu akaambiwa aseme kitu, akasema "Bibi, twende," akajibiwa "Subiri!" Ndipo akanigeukia.

"Na huyo mwenzangu mliyenivisha masikio yake, ni nani?"

Nikamwambia siwezi kumtaja, ni siri ya mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Nilijitahidi kueleza vizuri, polepole, upande wa kulia. Alinisikia kila neno.

"Ni yule wa Mkanyageni," akasema, akifunga leso. "Mke wa fundi cherehani. Siku nyingi hasikii yule."

Nikaendelea kutazama kompyuta.