Mtani wangu na kadi ya boksi la Weetabix

Kwenye simu yangu kuna picha ya kadi ambayo kila nikisafisha simu naiacha. Ilinifikia Julai 2022, siku zile habari zilipoenea kwamba Kazuki Takahashi, Mjapani aliyebuni Yu-Gi-Oh!, katuni na mchezo wake wa kadi, amekutwa amefariki baharini, Okinawa. Aliyenitumia hakuandika neno, hata salamu. Picha tu. Na mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana tangu 2010.

Kadi yenyewe ni kipande cha boksi la Weetabix. Kilikatwa kwa mkasi wa kushonea wa mamake, ule ambao ukikutwa nao unachapwa, kwa hiyo alikata mbiombio na ukingo wa kulia ukaenda mrama. Mbele kuna kiboko, amechorwa kwa kalamu ya biki ya bluu, kinywa kakipanua, meno manne. Juu yake pameandikwa KIBOKO WA KIBOKONI. Nyota saba, zimepangwa sawasawa. Chini: Nguvu 2600, Kinga 1800. Nyuma haionekani kwenye picha, lakini najua kilichoko: herufi za jina la Weetabix zilizokatwa nusu.

Simtaji jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Alikuwa akikaa nyumba ya chini, sisi juu, hapo Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kwao kulikuwa na mashine ya dividii, kwetu hakuna. Mimi nilikuwa na kadi za kweli 50 alizoniletea ami yangu, baharia, kutoka Dubai. Yeye hakuwa nazo. Basi tukawa hatuachani. Sidii tulizinunua Mwembe Tayari, zile za kuchomwa, moja inabeba vipindi kibao, na kila mara ilikwama pale pale zamu inapotaka kugeuka. Akiitoa, anaipuliza, anaifuta kwa kikoi cha babake taratibu, kutoka katikati kwenda nje, kisha anairudisha. Ilikubali. Mimi nikiifuta haikubali.

Tulichokuwa tukitazama ni Yu-Gi-Oh! GX. Kwa ambaye hakuipitia: ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 2004 ikaisha Machi 2008, vipindi 180. Ni habari ya wanafunzi kwenye shule ya bweni kisiwani, somo kubwa ni kupigana kwa kadi. Sisi pia watu wa kisiwa, kwa hiyo hilo halikutushangaza. Lililotushika ni mabweni. Kuna Obelisk Blue, la wakubwa, lina raha zote. Kuna Ra Yellow, la katikati. Na kuna Slifer Red, la waliofanya vibaya: kibanda cha mbao juu ya mwamba, chakula cha kujishikiza tu. Jaden Yuki, mhusika mkuu, anachelewa mtihani wa kuingia na bado anamshinda mwalimu Crowler, lakini anatupwa Slifer Red. Na hataki kutoka huko. Anapapenda.

Dada yangu aliuliza mbona wasichana wote wamewekwa bweni la bluu, hakuna hata mmoja mwekundu. Hatukuwa na jibu. Hadi leo naona waandishi walimdhulumu Alexis: mchezaji mzuri kama yule, nusu ya muda amesimama pembeni anawatazama wavulana.

Darasani kwetu nako mwalimu alitupanga kwa alama. Wa kwanza hadi wa kumi dawati za mbele, chini ya feni. Wa mwisho dirishani, kwenye jua la saa saba. Tulikuwa darasa la saba, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, iko mbele yetu, alama 500, na kila mtihani wa majaribio uliwahamisha watu viti. Mwenzangu alikuwa wa kwanza. Daima. Mimi wa pili, siku mbaya wa nne. Hakuwahi kunicheka kwa hilo, na kutocheka kwake ndiko kulikonichoma. Kwa hiyo nikitoka shule, nikitoka chuo cha Kurani, nikishaweka kanzu na juzuu, nilishuka barazani na kadi zangu 50 kama mtu anayekwenda kudai deni.

Kadi zake alichora mwenyewe. Katoni, boksi la viatu, majalada ya daftari zilizokwisha. Tulikuwa na lugha yetu ya mchezo. Pointi za uhai tuliziita roho, na tulianza na 4000 kama kwenye katuni, si 8000 kama mchezo wenyewe unavyotaka, maana adhana ya Magharibi ilikuwa haimngoji mtu. Kiumbe wa kwenye kadi tulimwita zimwi; zimwi la nyota tano au sita lazima umtoe mmoja wako ndipo ushuke naye. Nyota saba kwenda juu, utoe wawili. Sisi tulisema kuchinja. "Nachinja wawili," unasema, na watoto wa mtaa mzima wanasogea. Ustadh alitupita siku moja akatuuliza kama hiyo ni kamari. Mwenzangu akamweleza, kwa adabu na kwa kirefu, kwamba hakuna pesa, hakuna anayechukua cha mwenziwe, ni hesabu tu za kutoa na kujumlisha. Ustadh akatazama kiboko, akacheka, akaenda zake.

Sasa niseme la siku hiyo. Mvua ya mwezi wa tano ilikuwa imekatika, baraza bado mbichi, tumetandika gunia. Kachiri za pilipili katikati yetu, na sheria ni kwamba huli kachiri ukashika kadi zangu bila kufuta vidole. Nilikuwa na Dark Magician mezani, nguvu 2500, fahari yangu. Roho zangu zilikuwa zimebaki 100. Akavuta kadi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nachinja wawili," akawaondoa kweli wawili, panya wa Marikiti na kaa mmoja hivi, akaweka Kiboko wa Kibokoni.

Nguvu 2600.

Angeweza kuandika 9000. Nani angemzuia? Kalamu yake, boksi lake. Aliandika 2600, tena akamtia nyota saba ili alipe kwa kuchinja wawili. Miaka mingi baadaye ndipo nilipong'amua alikoitoa ile tofauti ya 100, iliyotosha barabara kuzimaliza roho zangu. Ni kipindi cha kwanza kabisa. Crowler ana Ancient Gear Golem, nguvu 3000. Jaden ana Flame Wingman, 2100 tu, na watu wamekwisha kumhurumia. Anaweka kadi ya uwanja, Skyscraper, inayomwongezea shujaa wake 1000 akimvamia aliyemzidi. Inakuwa 3100. Mia moja tu ya ziada, na lile jitu la chuma linaanguka. Mwenzangu aliona kwamba ushindi mtamu ni ule wa kutosha tu, usiozidi, akakaa usiku na mkasi wa wizi akautengeneza.

Nami nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hiyo si kadi. Hilo ni boksi la Weetabix."

Wakacheka. Watoto wa mtaa wanacheka na mwenye kadi za Dubai. Yeye hakubisha. Alizikusanya kadi zake moja moja, akazigonga ukingo kwa ukingo kwenye ukuta zikakaa sawa, akazifunga kwa mpira, akavaa ndara, akaingia kwao. Kachiri akaziacha.

Tuliendelea kuamkiana. Tuliendelea hata kutazama sidii pamoja, siku moja moja. Lakini hakucheza tena. Matokeo ya KCPE yalipotoka alinipita kwa alama nyingi, akaitwa shule ya bweni huko bara. Januari 2010 alipanda basi la usiku pale Mwembe Tayari. Wenzetu walikwenda kumsindikiza na masanduku. Mimi nilisimama dirishani nikalitazama sanduku lake la bati likitoka mlangoni, na sikushuka.

Nataka kumzungumza Chazz, kwa sababu bila Chazz nisingeweza kuandika haya. Chazz Princeton ndiye mpinzani wa Jaden, wa bweni la bluu, mtoto wa watu. Utotoni tulimchukia sote wawili. Kuna mahali anaambiwa apambane na Bastion wa bweni la njano, atakayeshinda apate nafasi ya bluu. Naye anaziiba kadi za Bastion usiku na kuzitupa baharini. Nilipoona vile niliruka kwa hasira, nikamwita kila jina. Kumbe mwenzangu ameketi kando yangu kwenye mkeka uleule, na ni wiki chache tu tangu boksi la Weetabix. Hakunitazama. Nadhani alinisitiri.

Bastion alikuwa na seti nyingine, akashinda hata hivyo. Chazz akaondoka shuleni kwa aibu. Akaenda kuanza upya kwenye shule ya upinzani, huko kwenye barafu, akarudi na kiburi kipya, Jaden akamshinda tena mbele ya ndugu zake wawili wakubwa, matajiri, waliokuwa wanamwona kama mtaji. Kisha anahamia wapi? Slifer Red. Kwa wale aliowaita takataka.

Hapo ndipo katuni ile inapokuwa kubwa kuliko wanavyoidhania wasioijua. Kakake anakuja kutaka kuinunua shule, wapambane, na anampa Chazz sharti: asitumie zimwi lolote lenye nguvu inayofika 500. Chazz anakwenda kwenye kisima cha zamani msituni, ambako wanafunzi walikuwa wakizitupa kadi wanazoona hazina maana. Anashuka ndani. Anaziokota. Tayari alikuwa na Ojama mmoja, kijitu cha njano chenye nguvu sufuri kinachomganda kama kupe na kumchosha kwa maneno. Kisimani anawakuta ndugu za Ojama huyo, mweusi na wa kijani, nao sufuri. Yule aliyetupa kadi za mwenzake baharini sasa anaingia shimoni kutoa kadi zilizotupwa na wengine. Na kwa hizo anamshinda kakake.

Hawi mpole. Mpaka mwisho anamkoromea Jaden, anamtukana, anasema si rafiki yake. Kiswahili kina neno lake: alikuwa hasimu, akawa mtani. Hasimu anakutafutia pa kukuumiza. Mtani anapajua papo hapo, anapagusa, lakini hapabonyezi. Jaden alikuwa na marafiki wa kumsifu; Syrus peke yake alitosha. Aliyeijua michezo yake kadi kwa kadi, aliyekesha akitafuta namna ya kumzima, ni Chazz. Ndiyo maana msimu wa tatu unanikata maini. Jaden anamtafuta rafiki mpya, Jesse, aliyepotea, anawaburura wenzake nyuma yake kwenye ulimwengu wa giza bila hata kugeuka kuwaona, na Chazz anakuwa mmoja wa wanaotolewa kafara mbele ya macho yake. Kutolewa kafara! Wale wa kuchinja safari hii ni watu, na wana majina.

Tafsiri ya Kiingereza iliishia kipindi cha 155. Zile 25 za mwisho nilizitazama mtu mzima, kwa maandishi ya chini, peke yangu, simu mkononi, na mara kadhaa nilitaka kumuuliza mtu, "Umeona hapo?" Mtu mwenyewe nilimjua.

Kwa hiyo picha ilipoingia 2022 nilikaa nayo tangu alasiri hadi baada ya Isha. Nikamwandikia: "2600. Ilinipiga."

Akajibu papo hapo: "Ilikupiga tangu siku ile."

Alikuja Jumapili. Sasa anakaa Likoni, karani wa makontena bandarini, alivuka na feri akapanda tuktuk mpaka Kibokoni. Amenenepa, ana ndevu, anatembea kama babake. Mamangu alipomwona alimshika mashavu kama mtoto, akamuuliza mbona hali, akamletea viazi karai na ukwaju. Kadi zangu alizitoa mama mwenyewe kwenye mkebe wa biskuti ambao ulikuwa umeshaanza kutu; miaka yote hiyo alizihifadhi pamoja na risiti za stima. Yeye zake alikuja nazo mfukoni, zimefungwa kwa mpira mpya. Zote, panya wa Marikiti pia yumo. Kiboko yuko ndani ya kile kifuko cha plastiki cha kitambulisho cha kazi.

Nilimwambia aniwie radhi kwa yale maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nilianza kuyaeleza, nikafika katikati.

"Changa kadi," akasema.

Tukakaa baraza ileile. Imetiwa saruji mpya lakini upande wa ukuta bado kuna lile tundu tulilokuwa tukifichia chaki. Nikaandika 4000 mara mbili nyuma ya risiti ya stima. Hakuna mtoto aliyekuja kutazama isipokuwa mpwa wangu, naye alikuwa na tableti. Tulisahau nusu ya kanuni, tukabishana, tukakubaliana, tukabishana tena. Nikamshusha Dark Magician. Akavuta kadi, akanyamaza kidogo, kama zamani.

"Nachinja wawili."

Akawaweka pembeni panya na kaa. Akamtoa Kiboko kwenye plastiki yake, maana kadi lazima ilale mezani yenyewe, akamlaza mbele yangu na ule ukingo wake uliopinda.

"Anavamia."

Nikamwondoa Dark Magician mezani. Nikachukua kalamu, nikakata 4000 yangu, nikaandika 3900 kando yake, nikamgeuzia risiti aone. Akatazama ile namba muda mrefu, akachovya kiazi kwenye ukwaju.

"Futa vidole," nikamwambia, "zamu yangu."