Kapu la Kilo Moja, Nauli ya Kilo Kumi na Tatu

Shangazi yangu hapa Tanga anasuka ukili, ile mikanda ya ukindu (majani ya mkindu) inayoshonwa kuwa vikapu, tangu sijazaliwa. Mimi kusuka sikuweza, vidole vyangu vina haraka. Kazi yangu ni kupiga picha, kujibu meseji na kubeba lawama. Huu ni mwaka wa tatu tunauza vikapu na mikoba mtandaoni, na mwaka wa kwanza karibu wote uliishia kwenye swali moja: "Dada, mwisho wake bei gani?"

Nilikuwa naandika "bei njoo inboksi" kwa sababu kila muuzaji niliyemwona alifanya hivyo. Watu wanakuja, unawatajia 45,000, wanasoma, kimya. Mmoja akanijibu kuwa kapu la plastiki Kariakoo analipata kwa elfu nane. Nilimjibu vibaya, nikajuta, nikafuta. Siku iliyofuata nikaweka hesabu yote chini ya picha: ukindu na rangi 9,000, mishikio ya ngozi 6,000, msukaji 22,000, changu 8,000, na humo bando langu limo. Shangazi hakupenda kabisa. "Mwanangu, unawaanikia watu mfuko wetu." Lakini maswali ya bei yalipungua, na walioandika baada ya hapo walikuwa wanauliza rangi.

Rangi nayo ina kisa chake. Ukindu unachemshwa na rangi sufuriani, na hakuna sufuria mbili zinazotoa wekundu mmoja. Mteja anaona picha niliyopiga saa tano mchana juani, kapu linamfikia, anasema nimemtumia jingine. Sasa napiga kivulini, barazani, na katika kila picha naweka sahani nyeupe pembeni apate cha kulinganishia.

Ila kilichonitoa machozi ni vipimo. Mama mmoja wa Mwanza aliagiza vikapu viwili vya kufanana. Kimoja alisuka shangazi, kingine jirani yetu, kila mmoja akapima kwa shibiri. Shibiri ya nani? Shangazi ana mkono mpana kama wa mvuvi. Vikapu vikatoka mmoja mama, mmoja mtoto. Juu ya hilo ilikuwa masika, nami kwa kuogopa mvua nikavifunga kwa nailoni kabla ya kukabidhi basi. Vilifika vimeota ukungu. Nilirudisha pesa yote, na nauli nikaibeba mimi. Tangu siku hiyo kapu haliondoki kwangu kabla ya kuanikwa siku mbili za jua kamili, na nafungia magazeti na gunia, nailoni hapana.

Halafu akatokea mteja wa Muscat, ndugu zake wa hapa hapa Tanga, akataka kapu kubwa la nguo. Nikafurahi nikamwambia shangazi tumevuka bahari. Kapu lilikuwa sentimita 40 kila upande na uzito wake haukufika kilo. Kwenye kampuni ya vifurushi kijana akalipima kwa futi, akabonyeza kikokotoo, akasema kilo 13. Nilidhani ananichezea. Kumbe kitu chepesi kinachokula nafasi hakilipiwi kwa mizani: wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, wanagawa kwa 5,000. Arobaini mara arobaini mara arobaini ni 64,000, ukigawa unapata 12.8, wanapandisha. Nilikuwa nalipia hewa iliyomo ndani ya kapu! Nauli ilizidi bei ya kapu lenyewe mara kadhaa. Nikalirudisha nyumbani kichwani.

Shangazi ndiye aliyetatua, tena bila kuijua hesabu hiyo. Alisema zamani walisuka makapu ya sokoni ya kitako laini, unayakunja unayabana kwapani ukitoka. Tukasuka hivyo. Likilazwa ni sentimita 45 kwa 45 kwa 8, yaani kilo tatu na kidogo kwa hesabu yao, na mteja akakubali. Sasa kinachokwenda nje ni cha kukunjika tu. Vigumu nauza hapa nchini, na vikiwa vitatu nashona vya kuingiliana, kidogo ndani ya kikubwa, vinasafiri kama kimoja.

Malipo sitayasema sana. Nilishatumiwa picha ya muamala wa uongo mara mbili. Siku hizi siangalii picha ya mtu, naangalia salio langu. Na oda yoyote ya kusukwa upya haianzi bila nusu, hata aagize rafiki yangu. Marafiki hasa.

Kuhusu shibiri, nilikata kijiti cha sentimita 40, nikakitia alama kila baada ya tano, nikampa kila msukaji chake. Wasukaji wengine walikipokea bila maneno. Shangazi alikichomeka nyuma ya mlango pamoja na ufagio. Bado anapima kwa mkono wake kwanza, kisha anakwenda kukichukua, na akikuta kapu limezidi ananiita nije nione jinsi kijiti kilivyosinyaa.