Mwani, joto na bamvu: andiko la utafiti limefika wapi

Kichwa cha zamani, "Changamoto za Kilimo cha Mwani Zanzibar", nimekifuta. Kilikuwa kinabeba bei, wanunuzi, magonjwa na migongo inayouma, mambo ya watafiti watano. Msimamizi alizungushia wino neno "changamoto", akaandika pembeni: "Ipi?"

Nimechagua kotonii, mojawapo ya aina mbili za mwani zinazotajwa hapa; nyingine ni spinosamu. Mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Kotonii huuzwa kwa bei nzuri kuliko spinosamu, ila kwenye maji ya kina kifupi haustahimili: matawi yanaingia weupe, yanalainika, yanakatika, kamba inabaki tupu. Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu.

Hayo yanajulikana, kwa hiyo si tatizo la utafiti bado. Tatizo linaanza pale unapouliza mkosaji ni nani. Akina mama wanalitaja joto, nami naliamini. Lakini kaskazi, msimu wa joto, ikiisha inaingia masika, na mvua kubwa hupunguza chumvi majini. Ukipima Aprili peke yake, joto na mvua vimeshachanganyika. Kwa hiyo swali limekaa hivi: wakati wa kaskazi, je, kotonii uliofungwa maji ya kina kirefu hukua haraka kuliko wa kina kifupi, na tofauti hiyo inafuata joto la maji? Chumvi nitaipima kila mara, ili nisije nikalisingizia joto.

Baada ya swali kukaa sawa, fomula ya Yamane, ile ya kupata ukubwa wa sampuli, imeondoka yenyewe. Unaijua: n = N/(1 + Ne²). Kwa wakulima 240 na kosa la 0.05 inakupa 150, na tasnifu inaonekana imekamilika. Fomula hiyo ni ya kukadiria asilimia ya watu kwa dodoso. Haikuambii ufunge kamba ngapi baharini. Hilo linategemea tofauti ya ukuaji unayotaka kuiona na jinsi kamba zenyewe zinavyotofautiana, kwa hiyo kwanza nitafanya jaribio dogo. Naona tunaibandika fomula hii kila mahali kwa sababu tu wasahihishaji wameizoea.

Ratiba nayo nilikuwa nimeipanga kwa kalenda ya chuo, kila Jumatatu. Mama mmoja wa Jambiani aliitazama karatasi yangu, akacheka: "Mwanangu, njoo bamvu. Maji mafu hutonikuta pwani." Bamvu, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana (maji mafu ni kinyume chake), huja kila baada ya wiki mbili hivi, na kotonii huvunwa baada ya wiki sita au karibu na hapo. Basi nitapima uzito wakati wa kufunga mbegu, kisha kila bamvu hadi mavuno, nikokotoe ukuaji wa siku kwa asilimia. Kamba za kina kirefu zinataka ngalawa, na hicho ndicho kifungu kinachoitafuna bajeti.

Maswali ya mahojiano yapo, machache, yatakuja baada ya vipimo. Barua ya kwa sheha imeandikwa, inangoja muhuri wa idara.

Kilichobaki kunisumbua ni vipimajoto. Vinatakiwa vikae majini usiku na mchana, vikiwa vimefungwa kwenye vigingi vya watu wengine, mahali wavuvi wa pweza wanapopita kila maji yakitoka.