Tatu kwa alasiri moja

Mara ya kwanza kupinduka nilijitakia. Upepo ulikuwa nyuma yangu, demani, kamba ya kuongozea tanga, nimeilegeza mpaka tanga limepita mlingoti kwenda mbele, na ubao wa kati, ule unaoshuka majini chini ya mashua, nimeuvuta juu nusu ili mashua iteleze vizuri. Laser, mashua yangu ya tanga, ikaanza kuyumba: kushoto, kulia, kushoto. Anayejua angekaza demani kidogo na kuusukuma ubao chini. Mimi nilitulia tuli kama abiria. Mashua ikalalia joshini, upande upepo unakotoka, nami nikatangulia majini kwa mgongo.

Laser ni chombo kidogo. Urefu wake ni mita 4.23, uzito kilo 59 bila mlingoti wala tanga, na tanga ni moja tu, la mita za mraba 7.06. Mimi nina kilo 54, kwa hiyo nchi kavu nilikuwa nikijiona saizi yake. Majini, tanga likishalowa na kulala, hesabu hiyo haina maana.

Nilijikagua kwanza kama kamba haijanizonga mguu, nikazunguka upande wa chini, nikaupanda ubao na kuegemea nyuma nikivuta ukingo. Tanga likaanza kujibandua majini, maji yakichuruzika. Nikafurahi mapema. Mlingoti ulikuwa umeelekea kule upepo unakotoka, na tanga lilipoinuka kidogo tu, upepo ukapenya chini yake, ukalirusha kama mtu anayekung'uta shuka. Mashua ikasimama, isikae, ikaja kuniangukia upande wa pili.

Nilipoibuka, kichwa kiligonga kitambaa. Mwanga ulikuwa mweupe wa ajabu, na kila nikivuta pumzi tanga linanigusa midomo. Nilikumbuka jambo moja tu: inua mkono. Ukilisukuma tanga juu kwa ngumi, hewa inaingia, unapata kihema kidogo cha kupumulia. Kisha nikaushika mshono mmoja na kuufuata bila kubadilisha njia mpaka ukingoni. Sidhani ilizidi nusu dakika, ila moyo wangu una saa yake.

Kutoka nje, nakuta mashua imegeuka tumbo juu kabisa, mlingoti umetazama chini. Na ule ubao niliouvuta nusu ulikuwa umezama ndani ya tundu lake, kimebaki kipande kama kiganja. Ilibidi nipande tumboni kwa magoti niung'oe juu kwa mikono miwili, ndipo nipate kitu cha kushika. Nikasimama ukingoni, nikauvuta ubao, nikaegemea. Hakuna kitu. Nikaegemea tena, mashua inanitazama tu.

Mwalimu alikuwa kando na mashua ya injini, hanigusi. "Ikilala ubavu, dada, omo kwanza! Usiinue kabla ya omo!"

Ilipokubali hatimaye kulala ubavu, niliogelea mpaka omo, yaani mbele ya mashua, nikaikumbatia nikatulia. Mwili wako ukiwa pale ni kama nanga: tezi, yaani nyuma, inasukumwa na upepo, mashua inazunguka yenyewe mpaka omo inatazama upepo. Nikarudi, nikahakikisha demani iko huru, nikapanda ubao mpaka ncha yake, maana wepesi kama mimi tunahitaji kila sentimita. Safari hii tanga lilipotoka majini lilipepea tu, bila nguvu.

Ya tatu niipite haraka: nilijaribu kupanda kwa ubavu, mikono imekwisha, nikaivuta mashua ikanilalia tena. Sasa napandia tezi. Wenye ujuzi huruka ukingo na kukanyaga ubao kabla mashua haijalala, wakarudi bila kulowa nywele. Nawaonea wivu.

Pwani, tulipong'oa mlingoti, mwenzangu akauinua kipande cha juu akautikisa. "Sikiliza, dada. Huu unalia." Kweli, ndani maji yanacheza. Tuliuinamisha, yakatiririka muda mrefu kiasi cha kuona haya. Kizibo cha plastiki mwishoni kilikuwa na ufa. Bomba linalotakiwa kuelea lilikuwa likinywa maji, ndiyo maana mashua iligeuka tumbo juu upesi na kugoma kurudi. Kosa la upepo ni langu, hilo sibishi. Lile la kugoma nimemwachia mlingoti.

Gundi inakauka. Kesho nitauzamisha kwenye maji nikaangalie kama unatoa mapovu.