Mtoto anaanza shule Januari? Mwacheni acheze

Ikishafika Novemba hapa Moshi maswali ya wazazi yanakuwa ya aina moja tu, mwalimu ameshajua kuandika jina lake, mwalimu anahesabu mpaka ngapi, mwalimu tumtafutie tuisheni likizo hii maana ile shule tunayotaka wanafanya intavyuu. Na mtoto mwenyewe anayeongelewa ana miaka minne na nusu, kasimama pembeni kashika dela la mama yake. Mimi nafundisha chekechea huku Pasua na jibu langu kwa wote ni hilohilo, mwacheni acheze. Afu nakaa nao chini nawaeleza vizuri, maana najua mzazi aliyejinyima akalipa ada neno moja halimtoshi.

Tuanze na mkono. Watu wengi wanadhani kuandika kunaanzia kwenye penseli. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu, yaani kitu laini kama cha sikio, inageuka kuwa mfupa mmoja mmoja taratibu na wa mwisho unachelewa mpaka mtoto anakaribia miaka 10 au kuipita. Sasa huyu wa miaka minne unamkalisha ajaze ukurasa mzima wa herufi a, penseli kaishika kwa ngumi, kiganja kinauma, machozi yanamlengalenga, anaanza kulichukia daftari hata shule yenyewe haijafunguliwa. Jamani mpe udongo afinyange. Mpe mahindi makavu apukuchue, mpe maharage mabichi amenye, akioga mwache akamue soksi zake mwenyewe hata kama maji yatabaki nusu. Vidole vinavyobandua punje ya hindi ndo hivohivo vitakavyoshika penseli, na vikishapata nguvu ile a ataiandika ndani ya wiki chache bila kulia.

Na kama kuna mchezo natamani urudi kwenye kila uwanja wa nyumba ni mdako. Mnachimba kashimo kwenye vumbi, mnaweka vijiwe, mtoto anarusha kimoja juu na kabla hakijashuka awe ameshakomba vijiwe nje ya shimo afu akidake kile cha juu, akirusha tena anavirudisha shimoni na kubakiza kimoja tu nje, hicho ndo chake. Wa miaka minne kudaka hawezi bado, kwaiyo wadogo wangu wanaanza kwa kukomba na kurudisha tu bila kurusha. Juzi kabinti kamoja kalikomba vikatoka vitatu, kakaviangalia kidogo kakasema "viwili virudi". Hakuna mtu aliyemwambia tatu toa moja, hajawahi kuona alama ya kutoa maisha yake yote, ila vidole vyake vinaijua tayari. Mtoto kama huyu akija kuandikiwa hesabu ubaoni anaona ni kitu anachokijua kimevalishwa nguo nyingine.

Kombolela nayo usiichukulie poa. Anayetafuta lazima afumbe macho ahesabu kwa sauti bila kuruka namba na wenzake wanamsikiliza kweli, akiruka anakemewa palepale. Waliojificha wanajifunza kukaa kimya na kusubiri, kitu ambacho mtoto wa awali anakihitaji kuliko alfabeti nzima, maana darasa limejaa na zamu yako ya kuongea haiji upesi.

Afu kuna kujipikilisha na duka. Mimi nina kona ya darasa nimeweka makopo matupu, vifuko, mizani ya kutengeneza kwa henga ya nguo na vifuniko viwili, majani ndo hela. Basi kuna kijana wangu mmoja mama yake anauza nyanya soko la Mbuyuni, huyo ukimkaribia tu anakuwahi, "karibu mama, fungu jero!" Nikamwambia punguza baba, akakunja uso, "haipungui mama, hata mimi nimenunua bei," afu akachukua jiwe moja akaliweka juu ya fungu langu, "haya nakuongezea moja, kesho uje tena." Mtoto ana miaka mitano! Pale kuna kuhesabu, kuna kupanga mafungu sawasawa, kuna sentensi ndefu zenye sababu ndani yake, kuna kumsoma mtu usoni. Kipindi cha karatasi kingenichukua mwezi kupata vyote hivo na pengine nisivipate.

Kuhusu lugha najua hapa wazazi wengi hatutaelewana lakini nitasema. Mtoto anayeenda inglishi midiamu naye anatakiwa ajue kwanza kuongea vizuri lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili au Kichaga cha bibi yake au vyote viwili, kwasababu mtoto asiyeweza kueleza jana kulitokea nini kwa lugha anayoijua hawezi kukueleza kwa lugha ngeni. Jioni umeme ukikatika ndo muda mzuri, zima simu, kitendawili, tega! Mtoto anayetegua kitendawili anasikiliza mpaka neno la mwisho na anafikiri kabla ya kujibu. Afu chezeni kupiga makofi kwa silabi, nda-la, ki-ko-mbe, m-pa-pa-i, kila silabi kofi moja, kisha mwambie atafute vitu vya ndani vinavyoanza na ki. Kiswahili chetu kinasomwa kwa silabi, kwaiyo mtoto mwenye sikio la silabi akifika kwenye ba be bi bo bu anateleza tu.

Kuna wazazi wananiambia mwalimu mbona shule za serikali awali wanacheza tu. Ndio, na ndivyo inavyotakiwa! Sera ya elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, tangu 2016 kwenye shule za serikali ada haitozwi kuanzia hiyo awali, na mtaala wenyewe unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo, nyimbo, hadithi na kona za kujifunzia. Wala sio kitu cha juzi. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua darasa lake la kwanza Roma mwaka 1907 kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini, na kati ya vitu alivyowapa wale watoto wafanye ni kufagia, kunawa, kufunga vifungo, kumimina maji bila kumwaga. Ukiangalia ni kazi ambazo mtoto wa Pasua anaziona kila asubuhi kwao, ila sisi tunamfukuza, "toka hapo utachafuka", tunamwashia katuni.

Kwaiyo likizo hii kabla ya tuisheni angalia haya kwanza. Anaenda chooni mwenyewe na kunawa? Anajua kusema naomba kwenda chooni kwa mtu asiye mama yake, maana wengi wanajikojolea sio kwamba hawajui, wanaogopa kusema. Anafungua kontena lake la chakula? Nunua mapema lile atakalopeleka na alifungue nyumbani mara nyingi, nimeona mtoto kalala njaa chakula anacho mkononi. Viatu, anajua cha kushoto? Jina lake kamili na jina la mzazi anayataja? Yote haya yanafundishika kwa mchezo wa shule pale barazani, yeye awe mwalimu wewe uwe mwanafunzi, na sikiliza anavyokufundisha, akianza kukufokea na kukutishia fimbo basi ujue kuna mtu kamtisha na hiyo shule, kaa naye muongee.

Na Desemba kama mnapanda Kibosho au Marangu kwa bibi, mwacheni huko kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na binamu zake. Wagombane wapatane, wapande mti, wachume majani ya migomba wajenge nyumba. Anajifunza kukaa na watoto kumi bila mama kuamua kila ugomvi, na anajifunza kwamba mama anaweza kwenda akarudi.

Hilo la kurudi ndo litakalowaliza wengi wiki ya kwanza, na hapa nawaomba sana msiwadanganye. Usimwambie "naenda kununua pipi nakuja" afu ukapotea getini, kesho yake hatakuachia mkono. Muage kabisa, na saa zetu hajui kwaiyo mpe kitu anachokijua: mtaimba, mtacheza nje, mtakunywa uji, mkishamaliza uji shangazi atakuja kukuchukua. Na huyo shangazi awepo getini uji ukiisha.