Mlango uliofunguka bila kutazama barabarani
Nilifungua poti 443, mlango ambao tovuti salama hupitia, kwenye ruta mara tatu, na bado picha zilizo kwenye seva yangu ya sebuleni hazikuonekana nikiwa nje. Ndani ya nyumba, safi kabisa. Jioni moja ndipo nikatazama anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje: ilianza na 100.72. Kumbe! Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni za intaneti zinazowashirikisha wateja wengi anwani moja ya hadharani. Ruta haikuwa na kosa. Mlango niliokuwa naufungua ulitazama ukuta.

Nikakodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani, nikaweka WireGuard, programu ya VPN inayounganisha mashine mbili kwa njia ya siri, pande zote mbili. Ya nyumbani ndiyo inayopiga hodi kwanza, kwa hiyo njia hufunguka kutoka ndani. Mwanzoni ilikatika kila ilipokaa kimya, mpaka nilipoandika PersistentKeepalive = 25 upande wa nyumbani: kila sekunde 25 hutuma pakiti ndogo, njia haifungwi. Kwenye seva ya kukodi, Caddy, programu ya seva ya wavuti, hupokea wageni na kuwapitisha hadi nyumbani. Poti za ruta nimezifunga zote.